Mashine Iliyomkataa Mkwe

Mashine ya kuchana blanketi ilikuwa na maopereta watatu, na ilimkataa mmoja tu. Ndivyo watu wa kiwandani walivyosema, tena bila kunong'ona. Mikononi mwa Bonge ilikwenda zamu nzima bila kukohoa. Mikononi mwa Mlingoti, yule mrefu, vilevile. Lakini akiishika yule wa tatu, kijana aliyeoa mwaka jana, haikosi kusimama mara moja au mbili. Blanketi linachanika katikati, taa nyekundu inawaka, na kwenye kioo yanatokea maneno yaleyale: mawasiliano yamepotea. Zamu zilibadilishana kila wiki. Akihamia mchana, ubovu ulihamia mchana. Akirudi asubuhi, nao huo, umerudi naye. Wiki tatu tangu apewe mashine hiyo ilikuwa imesimama mara kumi na tisa, na zote kumi na tisa zilikuwa zake.

Balaa lenyewe ni kwamba kijana huyo alikuwa mkwe wa fundi.

Fundi umeme wa kiwanda alikuwa mama wa makamo, miaka ishirini na mbili kazini, na jina lake halisi nadhani hata waliomlipa mshahara walikuwa wamelisahau. Wote walimwita Mama Testa, kwa ajili ya ile bisibisi ya kupimia umeme aliyoichomeka kwenye kilemba chake kutwa nzima. Binti yake wa pekee ndiye aliyeolewa na kijana. Na Mama Testa ndiye aliyemwombea mkwewe atolewe kwenye kubeba marobota apewe mashine. Kazi ya kuombewa mnaijua: mwenzako akikosea ni bahati mbaya, wewe ukikosea ulibebwa.

Jumatatu asubuhi meneja alimwita ofisini. Hakumkaribisha kiti.

"Mama Testa, mimi si fundi," alisema. "Mimi najua kuhesabu tu, na nimehesabu mpaka kumi na tisa. Bonge sifuri. Mlingoti sifuri. Mkweo kumi na tisa. Na nimeambiwa kwamba kila mara, kabla mashine haijasimama, anatoweka nyuma yake dakika nne, tano. Watu wanasema analala huko. Wengine wanasema anaizima makusudi apumzike."

"Bosi, kioo kinasema ni mawasiliano ya draivu. Mtu hawezi kuyazima kwa kulala."

"Basi nionyeshe. Ijumaa saa nane, zamu yake ikiisha. Ukinionyesha ubovu, anabaki. Usiponionyesha, ubovu ni yeye, na Jumamosi asije."

Mama Testa alitoka pale. Alijua kijana akifukuzwa atarudi kwao, mwendo wa siku mbili, na mke humfuata mumewe. Kwa hiyo tuseme wazi kilichokuwa mezani: kazi ya mkwe, na binti wa mtu nyuma yake.

Sasa tuelewane kuhusu mashine, maana bila hivyo hatufiki. Ilikuwa na rola saba ndefu zenye meno ya waya, na kazi yake ni kulichana blanketi mpaka litoe manyoya. Kila rola ina mota yake, na kila mota ina boksi lake ndani ya kabati la umeme, la kuipangia mwendo. Hilo boksi ndilo draivu. Rola saba lazima ziende kwa kuelewana, la sivyo moja inavuta nyingine inaachia, na blanketi limekwenda na maji. Kwa hiyo iko kompyuta inayotoa amri, na amri zinapita kwenye waya mmoja mwembamba wa zambarau, unaoingia boksi la kwanza, ukatoka, ukaingia la pili, hivyohivyo mpaka mwisho. Draivu moja ikikosa kusikia amri, hata kwa kufumba na kufumbua, kompyuta inasimamisha zote. Haina subira hata chembe.

Na kutafuta ubovu wa namna hiyo ni kazi ya kumtia mtu wazimu. Mota ikiungua utainusa. Fyuzi ikikatika utaipima. Lakini mawasiliano yanapotea dakika hii, yanarudi dakika ile, na wewe ukifika unahema na mkoba wako wa vifaa, unakuta kila kitu kizima kinakutazama tu.

Jumanne alianza na draivu namba tatu kwa kuwa ndiyo iliyotajwa mara ya mwisho. Akakaza skrubu zote. Saa nne mashine ikasimama ikitaja namba tano. Akazibadilisha tano na tatu mahali, akisema moyoni kama ni boksi bovu, ubovu utahama nalo. Saa sita ikasimama tena, ikitaja namba sita, ambayo tangu izaliwe haikuwahi kulalamika. Alikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa akakuna kichwa kwa bisibisi. Tatu, tano, sita. Yangekuwa matatizo ya draivu moja angeelewa. Yangekuwa ya zote angeelewa pia. Haya ya kudonoadonoa hayakuwa na kichwa wala miguu.

Akamwita mkwewe pembeni. Hapo napo palikuwa na mtihani wake. Kijana alikuwa na adabu iliyopitiliza, mbele ya mama mkwe anasimama mikono nyuma, macho chini, majibu mafupi. Naye Mama Testa, mwanamke ambaye aliwahi kumfukuza meneja mzima kwenye kabati la umeme, mbele ya mkwewe sauti ilimlainika.

"Baba, kabla haijasimama, uligusa kitu?"

"Hapana, mama."

"Hukubonyeza chochote?"

"Sikubonyeza, mama. Hata karibu na vitufe sikuwepo."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma, nasafisha."

Kusafisha ni kazi ya kawaida. Blanketi likichanwa linatoa vumbi la nyuzi, vumbi linanyonywa na feni iliyoko nyuma ya mashine, na wavu wa feni hiyo unaziba mara tatu nne kwa zamu, lazima opereta auzoe uchafu. Bonge anasafisha. Mlingoti anasafisha. Mama Testa akatikisa kichwa akaacha. Angekuwa Bonge, angemshika kola amwambie nionyeshe, hatua kwa hatua, tangu unapoinuka. Lakini mkwe utamshikaje kola? Wakaachana pale, kila mmoja amemheshimu mwenzake, na ubovu umekaa palepale.

Jumatano alivuta waya mpya wa zambarau kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akautenga mbali na nyaya kubwa za umeme, maana hizo zina kelele zake na huweza kuuharibia waya mdogo usikivu. Akakagua waya wa ardhini. Kisha akachukua ndoo yake, akakaa mbele ya kabati, akasema leo siondoki mpaka nikuone. Alikaa saa mbili na nusu. Mashine ilikwenda kama mtoto anayechungwa na mwalimu. Mkwe alisimama karibu naye muda wote, hakusogea hata kwenda kunywa maji. Mwishowe njaa ikamuuma Mama Testa, akaenda kunywa chai. Hajamaliza hata nusu kikombe, kengele ikalia. Alikuta kijana amesimama mbele ya kioo, mikono wazi, jasho linamtoka.

"Imetaja ngapi?"

"Tatu, mama."

Ilikuwa imerudi mwanzo. Mama Testa alitazama waya mpya, akatazama boksi namba tatu, kisha, bila kupenda, akamtazama mkwewe. Maana mbona inangoja mpaka ageuze mgongo? Wazo hilo lilimchoma akaliondoa, likarudi, akaliondoa tena.

Jioni hiyo akiwa njiani kurudi nyumbani alipinda kwa binti yake. Alimkuta anapiga pasi ovaroli ya mumewe kwenye meza ya kulia, dirisha wazi. Aliuliza habari za nyumbani, akauliza habari za maji, akauliza bei ya mkaa ambayo aliijua vizuri kuliko binti yake. Kisha akasema, kama mtu aliyekumbuka ghafla, "Na mumeo, analala vizuri?"

Binti aliweka pasi pembeni. "Mama, sema ulichokuja kusema."

"Nauliza tu. Labda anachoka. Labda ana kibarua kingine mahali."

"Watu wanasema hivyo, au ni wewe?"

"Watu wanasema mengi."

"Mume wangu anaondoka hapa saa kumi na moja alfajiri na anarudi saa tisa. Anakula, anakaa pale, anaitazama mikono yake. Haongei. Kama umekuja kumchunguza, chunguza. Ila ujue akifukuzwa, sibaki hapa kusubiri mjadili." Akaichukua pasi, akaikuta imepoa, akaipeleka kwenye moto. Mama Testa aliondoka bila kuaga vizuri, na aibu yake akaibeba mpaka kwake.

Alhamisi mashine ilisimama mara mbili, tano na sita. Akafungua kitabu cha draivu, kile kinene, akakisoma mpaka maneno yakaanza kuogelea. Kila alichokisoma alikuwa amekwisha kukifanya. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na yeye alikuwa anapapasa kuta za nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kufikia jioni alikuwa hana hoja, hana dhana, ana woga tu.

Ijumaa ndiyo ikamchanganya kabisa.

Saa moja, kimya. Saa tatu, kimya. Saa tano mashine inakwenda, blanketi zinatoka nzuri, laini, zimejaa manyoya. Kijana yuko mbele ya kioo. Saa sita na nusu hakuna kengele iliyolia. Mama Testa alikuwa hajagusa kitu tangu jana. Alizunguka kabati mara tatu, akapima, akapima tena. Vipimo vilikuwa vilevile vya jana, na jana mashine ilisimama mara mbili.

Saa saba meneja alikuja mwenyewe, uso umekunjuka.

"Naona imepona," alisema.

"Bosi, sijatengeneza kitu."

"Najua. Nimetengeneza mimi." Akajipigapiga kifuani. "Jana jioni nilimwita mkweo. Nikamwambia nimemwekea mtu na saa. Akitoweka nyuma ya mashine zaidi ya dakika moja, basi. Umeona dawa yake? Leo hajasimamisha hata mara moja. Sasa mimi si mtu mbaya, na wewe nakuheshimu. Anabaki. Atasaini karatasi tu kwamba amejirekebisha, yaishe."

Meneja alipokwisha kuondoka, Mama Testa alipaswa kuruka kwa furaha. Kazi imepatikana, binti haendi popote. Badala yake alijikuta ameegemea ukuta. Kumbe ni kweli. Siku nne amekaza skrubu, amevuta waya, amegombana na mwanawe, kumbe ni kweli kijana alikuwa anamchezea. Hasira ilimpanda, na chini ya hasira palikuwa na huzuni iliyomkalia vibaya zaidi.

Lakini ufundi ni ugonjwa. Hata akiwa na hasira, kichwa chake kilikataa kufunga hesabu. Sawa, alikuwa anaizima. Anaizimaje? Hakuna kitufe kinachopoteza mawasiliano ya draivu namba tatu peke yake leo, na kesho namba sita. Yeye mwenyewe, na miaka yake ishirini na mbili, angeambiwa afanye hivyo makusudi asingejua pa kuanzia. Huyu mbeba marobota wa juzi amejulia wapi? Akatazama mbele ya kioo. Mkwe hakuwepo.

Akazunguka nyuma ya mashine.

Kijana alikuwa amelala ubavu sakafuni, mlango mdogo wa feni uko wazi, na mkono wake wa kulia umeingia mule mpaka begani, anavuta mafungu ya nyuzi kwa haraka kama mtu anayeiba. Mapanga ya feni yalikuwa yamesimama, ndiyo, aliyasimamisha kwa kitufe. Lakini kitufe si chochote, kompyuta ikiona vumbi limezidi inaiwasha feni yenyewe, haipigi hodi. Swichi kuu ya feni, ile ya mpini mwekundu ukutani hatua sita nyuma yake, mpini wake ulikuwa juu. Umeme upo.

Mama Testa hakuita. Aliogopa akiita kijana atashtuka, aguse asichopaswa. Alitembea zile hatua sita kwa vidole vya miguu, akaushika mpini, akaushusha.

Mashine nzima ikasimama. Kengele ikalia. Mbele huko, taa nyekundu.

Kijana aliutoa mkono haraka, akainuka amejaa nyuzi mpaka kwenye nyusi. "Si mimi, mama," alisema. "Sijafanya kitu."

Mama Testa alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe ulioko kwenye mpini, haelewi. Akaupandisha. Akaenda mbele, akasoma kioo: draivu namba tano. Akafuta hitilafu, akaiwasha mashine, ikaenda vizuri. Akarudi nyuma, akaushusha mpini tena. Safari hii hakuna kilichotokea. Akahesabu polepole. Alipofika thelathini na moja, mashine ikasimama, na kioo kikataja namba tatu.

"Wewe," alisema, na sauti yake ilikuwa ngeni hata masikioni mwake, "ukisafisha, huwa unashusha huu mpini?"

"Kila mara, mama. Nashusha, napiga kufuli, nasafisha, nafungua. Isipokuwa leo. Leo nimewekewa saa."

"Nilikuuliza umegusa kitu. Ukasema hapana."

"Uliniuliza habari za mashine, mama. Hii ni feni." Akasita. "Na ni wewe uliyenifundisha. Siku yangu ya kwanza. Ulisema mkono hauingii humu kabla swichi haijazimwa."

"Na juzi, nilipokaa pale mbele saa mbili na nusu?"

"Sikusafisha. Ningekuachaje umekaa peke yako, mama?"

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na siku hiyo kilikuwa kwenye kilemba. Maana nani aliyeifunga feni ile miezi sita iliyopita? Mama Testa. Nani aliyeurefusha waya wa zambarau mpaka kwenye boksi la feni, likawa boksi la nane na la mwisho? Mama Testa. Waya ule lazima mwisho wake uzibwe, la sivyo amri zikifika mwisho zinagonga na kurudi, zinavuruga zinazokuja, na boksi moja katikati linashindwa kuelewa ni ipi ya kweli. Kizibo chenyewe ni kidude kidogo ndani ya boksi la mwisho, na kinakula umeme wa boksi hilohilo. Zima feni, kizibo kimekufa. Kisha nani aliyeiambia kompyuta isihangaike feni ikizimwa, ili blanketi zisisimame kwa sababu ya usafi, ikawa kioo hakiitaji feni hata siku moja? Yeye. Na nani aliyewafundisha maopereta wote watatu kuushusha mpini? Bonge na Mlingoti waliitikia ndiyo mama, kisha wakaendelea kusafisha kwa kitufe tu. Aliyefuata kila siku, kila mara, alikuwa mmoja tu.

Meneja alifika akitweta. "Nani kazima?"

"Mimi." Akamweleza, kwa maneno machache, akamwonyesha mara mbili kwa mpini.

Meneja alisikiliza, akafikiri, akafurahi. "Basi si rahisi? Asishushe tena. Asafishe kama wenzake."

"Bosi, nimemkuta mkono umo humu mpaka begani na umeme upo. Kwa sababu ya saa yako na waya wangu."

"Waya wako?"

"Niliufunga mimi. Kosa ni langu, toka mwanzo." Akachukua kufuli lililoning'inia pale ukutani, akalipiga kwenye mpini, ufunguo akautia mfukoni. "Mashine haiwaki mpaka niuhamishe mwisho wa waya kwenye boksi lisilozimwa. Nipe muda wa saa mbili. Karatasi ya kusaini, kama bado unaitaka, niletee mimi."

Meneja aliangalia blanketi lililochanika, akaondoka kwenda kupiga simu alizokuwa nazo za kupiga.

Wakabaki wawili. Mama Testa alifungua boksi la feni, akaanza kulegeza skrubu, na bisibisi iliteleza mara mbili. Angeweza kunyamaza. Mama mkwe hana deni la maelezo kwa kijana, hakuna ambaye angemdai. Lakini deni hilo yeye aliliona.

"Baba," alisema bila kugeuka, "leo mchana, meneja alipokuja, niliamini. Niliamini kwamba ni wewe."

Kijana alikuwa anabandua nyuzi kwenye mkono wake, moja moja.

"Najua, mama," alisema. "Si leo. Toka Jumatano. Ulipoacha kuniuliza maswali."

Mama Testa aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu harusi kijana alikuwa anamtazama usoni, macho kwa macho, na macho yale yalikuwa mekundu. Alimsogezea tochi, na kijana akaipokea, akamulika ndani ya boksi.